Vidonge vya Koo vya Jaji

Jumamosi, 13 Mei 1911. Washington.

Shajara, niwie radhi. Sijakuandikia neno tangu majira ya baridi, kesi yetu ilipojadiliwa mbele ya majaji. Nilikuwa na sababu nzito: nilikupoteza. Umeonekana juzi ndani ya kiatu cha mvua, chini ya kitanda. Nani alikutia humo sitauliza. Ninaishi peke yangu.

Niliwasili jana kwa treni. Nimepanga chumba kwa Bi Lavinia Gaines, mjane. Kitanda kigumu. Vizuri. Aliyefundisha sarufi maisha yake yote hana haja ya kitanda laini.

Kanisa letu la Marlow Point limenituma ningoje uamuzi wa Mahakama ya Juu na kuupeleka nyumbani. Kungoja na kupeleka. Mchungaji aliyarudia maneno hayo huku akinitazama usoni. Sikuelewa kwa nini alinitazama.

Kesi ni ya Mzee Esau Dashiell, nasi sote tumo nyuma yake. Mzee alipigana vita vya kukomesha utumwa, akiwa ndani ya sare ya bluu ya serikali. Vita vilipokwisha alipata haki ya kura, akaitumia kila uchaguzi, mvua iwe inanyesha au jua linawaka. Kisha halmashauri ya mji wetu ikatunga sheria: maskini asiandikishwe kupiga kura mpaka athibitishe kwamba babu yake alikuwa mpiga kura kabla watu weusi hawajapewa haki hiyo. Babu yake Mzee Dashiell alikuwa mali ya mtu. Mali haipigi kura.

Mzee amepita miaka themanini. Uchaguzi wa mji ni Julai. Mahakama hufunga kwa kiangazi mwishoni mwa mwezi huu. Ikisema kabla ya kufunga, Mzee atapiga kura Julai. Isiposema, sitaki kuandika.

Jambo la kuudhi. Shemasi Fontaine Purdy naye yuko Washington. Ni kinyozi wetu na adui yangu wa kiroho. Anasema amekuja kununua mkasi. Nani hupanda treni kwa ajili ya mkasi? Anataka habari iingie Marlow Point kwa mdomo wake, kama siku ile Rais alipopigwa risasi. Siku ile alikimbia barabarani akitangaza, akamwacha mhasibu wa benki kitini, nusu ya uso wake povu tupu.

Mara hii habari itakuwa yangu. Nitaipata kabla haijatolewa. Mpango ninao tayari.

Jumapili, 14 Mei.

Mpango wenyewe ni Bwana Horace Beckwith.

Bwana Beckwith ni mtumishi wa jaji mmojawapo wa Mahakama ya Juu. Humnyoa, humvalisha joho, hubeba karatasi zake kutoka nyumbani hadi mahakamani na kuzirudisha. Maamuzi ya taifa hili hupita chini ya kwapa lake. Na kila Jumapili baada ya ibada hula chakula cha mchana kwa Bi Gaines. Ndiyo sababu nimepanga hapa, wala si kitanda.

Leo tulikula samaki wa mto wa msimu huu, wale wenye miiba kama burashi, pamoja na mayai yake yaliyokaangwa, mboga za majani na mikate midogo ya moto. Nilianza kwa mbali. Nilimwuliza kama, kwa maoni yake, mtu anaweza kuitambua furaha ya jaji kwa jinsi anavyoshuka ngazi. Akaomba haradali. Nilimwuliza kama amewahi kuliona neno "babu" likiwa juu ya karatasi yoyote, bila kulisoma, kwa kupita tu. Akaomba chumvi.

Bi Gaines alinikatiza. Alisema, "Mwalimu, mwache mtu ale. Samaki huyu ana miiba, nawe unamchokonoa kwa maswali. Mwiba ukimkwama kooni mezani kwangu, utamfufua kwa sarufi?"

Wapangaji wote walicheka. Nilingoja kicheko kiishe, nikaendelea. Nikamwuliza waziwazi: ndiyo au hapana?

Bwana Beckwith aliweka uma chini. Alijifuta mdomo, kona ya kushoto, kona ya kulia. "Mwalimu Tolliver, joho la jaji halina mifuko. Unajua kwa nini? Kinachoingia mle hakina pa kukaa wala pa kudondokea. Nami nimekuwa joho hilo tangu nikiwa na nywele nyeusi. Nipitishie mkate."

Nikampitishia mkate. Sijashindwa. Nimejifunza kwamba hapendi kuulizwa mezani. Nitamwuliza mahali pengine.

Jumatatu, 15 Mei.

Siku ya maamuzi ni Jumatatu, wala hakuna ajuaye Jumatatu ipi ni ya nani. Majaji huvaa majoho katika chumba kimoja, kisha huvuka ukumbi wa watu wote kuingia katika chumba cha mahakama. Adhuhuri ikikaribia, mlinzi hufunga kamba kuwazuia watu, nao hupita kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenziwe.

Mpango wa pili ulikuwa kusimama kwenye kamba. Si kusema neno, la hasha. Ni kuonekana tu. Nilivaa koti langu la mazishi, nikautengeneza uso: uso wa mtu aliyedhulumiwa lakini mwenye elimu. Niliwaza kwamba jaji akiuona uso huo utamfuata hadi kitini.

Tatizo la uso kama ule ni kuushika kwa muda mrefu. Shavu lilianza kucheza lenyewe. Mlinzi, mtu mwema, aliniuliza kama nimepatwa na ugonjwa, akanigeuza kwa mabega kuniweka kwenye benchi, akanipa maji. Nilipokuwa nikinywa, nikiwa nimeipa kamba mgongo, Mahakama ya Juu yote ilipita nyuma yangu.

Purdy alikuwa mbele kabisa. Anadai jaji wa pili alimwinamishia kichwa. Nilimwambia jaji alikuwa akitazama ngazi. Hakukuwa na ngazi, lakini nilikwisha kusema.

Ndani watu walibanana kusikiliza kesi ya kampuni kubwa ya mafuta. Ilisomwa mchana wote. Yetu haikutajwa.

Alhamisi, 18 Mei.

Nimejua. Tumeshinda.

Nieleze kwa utaratibu. Bi Gaines alirudi kutoka dukani kwa mwuza dawa, akasimulia, kwa mazungumzo tu ya kupitisha muda, kwamba amemkuta Bwana Beckwith akinunua vidonge vya koo. Si vichache, kopo zima, pamoja na asali. Mtaa wote unajua kwamba jaji wake ana koo dhaifu, na kila anapotakiwa kusoma uamuzi kwa sauti hunyonya vidonge siku kadhaa kabla yake. Joho halina mifuko, lakini duka la dawa lina madirisha.

Basi fuata mantiki. Uamuzi husomwa na jaji aliyeuandika. Kesi yetu ilipojadiliwa, ni jaji huyuhuyu wa Bwana Beckwith aliyemwuliza wakili wa mji: "Na babu wa askari huyu angepigaje kura, naye alikuwa katika orodha moja na ng'ombe?" Wakili alikunywa maji. Alipomaliza yake akanywa ya mwenzake. Niliona kwa macho yangu. Jaji aliyeuliza vile hawezi kuandika dhidi yetu. Vidonge: atasoma. Atasoma: tumeshinda.

Bi Gaines alisema huenda ana kikohozi. Nilimweleza kwamba watu wa hadhi ile hawakohoi mwezi Mei.

Jioni nilimkuta Purdy mlangoni mwa duka la dawa, akinyonya kidonge. Tulisalimiana kama Wakristo. Naye anajua.

Jumanne, 23 Mei.

Jana hapakuwa na uamuzi wetu. Imebaki Jumatatu moja kabla ya kiangazi.

Purdy alikwenda nyumbani mwisho wa juma, leo amerudi. Nilitarajia majivuno. Hakuwa nayo. Aliketi barazani kwa Bi Gaines na kofia magotini, akatusimulia habari za Mzee Dashiell.

Kifua cha Mzee kimezidi. Binti yake ametoka Baltimore na sanduku tupu, ili afungashe nguo za baba yake na kumchukua akaishi naye. Pale kuna daktari karibu, na ngazi hazina barafu wakati wa baridi. Mzee amekataa. Akihamia Baltimore si mkazi tena wa Marlow Point, na asiye mkazi hana kura ya kudai, hata mahakama ikisema nini. Sanduku liko mlangoni. Binti analiruka kila anapotoka kuchota maji. Mzee amesema hivi, na Purdy aliyaleta maneno bila kuyapamba: "Julai nitapiga kura yangu, kisha mnichukue hata kwa toroli."

Bi Gaines alimletea Purdy kikombe cha maji.

Kisha Purdy alisema kwamba mimi na yeye ni wajinga wawili, na heri tungoje pamoja, na habari ikitoka tuipeleke pamoja. Alinyoosha mkono. Niliushika. Nilikuwa nimeguswa moyo kweli.

Chumbani nimewaza tena. Ni hila ya kinyozi. Anataka nijisahau. Ninajua lililo ndani ya uamuzi; anayestahili kuondoa sanduku lile mlangoni ni mimi.

Jumatatu, 29 Mei.

Niyaandike kama yalivyotokea.

Tuliingia mapema. Purdy aliketi karibu na mlango. Mimi nilikuwa katikati, nyuma ya bibi mwenye kofia yenye ndege mzima aliyekaushwa. Majaji waliingia. Jaji wa Bwana Beckwith alifungua karatasi zake. Kisha akatia kitu mdomoni. Kidonge. Nilikiona.

Sauti yake ni ndogo, kama mtu anayesomea mtoto aliyesinzia. Jina la kesi halikunifikia. Lakini haya yalinifikia, nayo nayaapia: kwamba mji hauwezi, kwa sheria yake ndogo, kumnyang'anya mkazi haki aliyopewa na Katiba ya taifa.

Purdy akasimama. Akatoka.

Nikasimama. Nilimkanyaga bibi, nikamwomba radhi, nikalikanyaga na pindo lake. Nilipotoka ukumbini Purdy alikuwa amekwisha kupinda kona. Nilishuka ngazi kwa kasi isiyolingana na umri wangu hadi ofisi ya simu ya maandishi iliyo katika jengo lilelile. Purdy hakuwapo. Nilikuwa wa kwanza.

Niliandika: "Ninayo furaha kuwaarifu kwamba Mahakama ya Juu imeamua leo kwa upande wetu, na kwamba Mzee Dashiell na aandikishwe." Karani alishauri neno moja tu, "Tumeshinda." Nilimwambia ushindi una kiima na kiarifu kama jambo lingine lolote. Akaituma yote. Niliusikiliza mdundo wa chombo chake ukienda nyumbani kwetu, na sijawahi kusikia muziki kama ule.

Nikapanda ngazi taratibu, kama mtu mwenye habari.

Purdy alikuwa kitini mwake. Hakuwa amekimbilia simu. Alikuwa amekwenda chooni.

Nilimwinamia sikioni nikamwambia nimekwisha kutuma. Alinitazama kama mtu anayemtazama farasi aliyeingia kanisani. Akaniuliza kwa mnong'ono, "Umetuma nini, Mwalimu?"

Kesi iliyosomwa ilikuwa ya mwuza maziwa wa mji mwingine. Maneno niliyoyasikia yalikuwa hoja ya mwuza maziwa, ambayo jaji aliisoma kwanza, kama majaji wafanyavyo, ili baadaye aieleze kwa nini haifai. Mwuza maziwa ameshindwa.

Nilikuwa bado nimesimama nyuma ya kiti wakati Jaji Mkuu aliposoma amri za mwisho kabla ya likizo. Yetu ilikuwamo. Sentensi moja: majaji hawakuafikiana, kesi irudishwe katika orodha, isikilizwe upya vuli.

Hatukushinda. Hatukushindwa. Hapana Julai.

Nilishuka tena kutuma simu ya pili. Nilikubali ushauri wa karani kuhusu ufupi: "Sivyo. Ngojeni." Karani wa stesheni ya kwetu hakuitika. Ile ya kwanza ilikuwa ndefu na tamu mno. Alikuwa ameacha chombo chake na kuipeleka kanisani kwa miguu yake mwenyewe.

Ukumbini nilikutana na Bwana Beckwith, joho limekunjwa mkononi mwake. Nilidhani atanipita. Alisimama. "Ana kikohozi tangu Pasaka, Mwalimu," akasema, akaenda zake.

Kwa Bi Gaines nilisimulia nusu. Nusu nyingine Purdy alikuwa amekwisha kusimulia. Bi Gaines alinipa supu, akasema mchuma janga hula na wa kwao, na kwamba treni ya alfajiri itanifikisha mapema.

Jumanne, 30 Mei. Marlow Point.

Leo ni siku ya kupamba makaburi ya askari. Nilisahau. Nilishuka stesheni nikaona mitaa mitupu na bendera ndogo kila baraza, nikajua wote wako makaburini, na kwamba nitakutana nao kwa pamoja.

Mchungaji alinieleza njiani, bila ukali. Ningependa angekuwa mkali. Simu ilipofika jana, kengele ya kanisa ilipigwa. Wanawake walitoka na unga mikononi. Mzee Dashiell alivaa koti lake la zamani la jeshi, akakataa kuegemea mtu yeyote, akatembea mbele ya watu wote hadi ofisi ya mji. Alivua kofia. Alimwambia karani wa uandikishaji kwamba Mahakama ya Juu imesema, naye amekuja kuandikwa jina. Karani alitikisika kidogo. Aliomba dakika, akapiga simu Annapolis, makao makuu ya jimbo. Aliporudi alikuwa akicheka, na aliwaita wenzake waje wamwone Mzee.

Mzee aliivaa kofia yake, akarudi nyumbani kwa njia ileile, watu wale wale nyuma yake.

Nilimkuta kati ya makaburi ya wenzake wa kikosi. Binti yake alikuwa ameshika kikapu cha maua ya bustanini. Yeye mwenyewe aliyaweka, moja moja, kwa kuinama ambako kulimchukua muda na pumzi. Sikumsaidia. Hakuna aliyethubutu.

Nilikuwa nimeitunga hotuba ya radhi katika treni. Ilikuwa na utangulizi. Nilifika kwenye "Mzee wangu, katika mazingira ambayo," naye akainua kiganja.

"Umerudi, Mwalimu. Watu wote wazima?"

Nikasema wazima. Nikasema nimekosa.

"Umekosa," alisema. Alivuta pumzi. "Nimechekwa na yule kijana wa uandikishaji na baba yake na babu yake. Kicheko chao nakijua, nakivaa kama kofia. Jana, mara ya kwanza, nilikuwa nasema uongo na wao wanasema kweli. Hicho ndicho sikuwa nimekizoea."

Aliweka ua jingine.

"Nitangoja vuli. Nimemwambia binti yangu aondoke na sanduku lake, tuone kama baridi itanikuta. Wewe wakikutuma tena, usiniletee watakalosema. Niletee walilosema. Likiwa baya, lilete. Likiwa zuri, lilete. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia.

"Shika kikapu basi, binti amechoka."

Nilishika kikapu mpaka kaburi la mwisho. Purdy alikuwa nyuma yetu na bendera, naye hakusema lolote. Kwa kinyozi hilo ni jambo kubwa.

Alhamisi, 1 Juni.

Kamati ya kanisa imekaa. Vuli atatumwa Purdy. Nitaambatana naye kwa hiari yangu, nikimsaidia kusoma mabango. Nimekubali bila manung'uniko, kama mtu aliyefunzwa.

Binti yake Mzee ameondoka leo kwa treni ya mchana. Mzee alimsindikiza hadi lango tu. Nilimsikia akikohoa kutoka upande wa pili wa barabara. Nimepeleka kuni, nikazipanga. Nitazipeleka kila juma. Hilo nimeazimia, nalo ni jambo zito.

Nimeutafakari pia mwenendo wangu, kwa ukali ninaowapimia wanafunzi. Ni kweli nilikosa. Sasa nimeliona kosa lenyewe lilipo. Nilihukumu kwa ushahidi wa koo moja. Koo moja haliwezi kusema kwa niaba ya mahakama nzima. Huo ulikuwa upuuzi, nami najilaumu.

Lakini Bi Gaines, tulipokuwa tukiagana, alitaja kwamba binamu yake hufua na kupiga pasi kola za majaji watano. Watano kati ya tisa. Kisheria, watano wanatosha. Jaji anayekusudia kusoma hadharani huagiza kola mpya. Hilo halina ubishi. Nimemwandikia binamu huyo barua fupi, ya heshima, kumjulia hali.

Mzee Dashiell nimemwahidi tena leo, nikiwa nimesimama kando ya kuni, kwamba sitamletea neno kabla ya majaji kunena. Nawe shajara nakupa ahadi hiyohiyo. Nitakuandikia uamuzi utakapotolewa, wala si kabla, isipokuwa kola ziwe zimekwisha kuthibitisha.